Hospitali ya Koplo

Kila nipitapo Katonga, ufukweni mwa ziwa letu, asubuhi, jua likiwa limeanza kuwakausha dagaa mchangani, husimama. Wenzangu wa rika langu hudhani napumzisha magoti. Sipumzishi kitu. Harufu ile, ambayo wageni huizibia pua na wenyeji hawaisikii tena, kwangu mimi ni harufu ya baba. Na siwezi kumkumbuka baba bila kumkumbuka pia mtu aliyemnyima mguu wake, kisha uhai wake. Mtu huyo naye amekwisha kufa. Alikufa kitandani kwake, ametibiwa na kuhudumiwa, kwa uzee tu. Sikwenda kumzika, na walioniuliza kwa nini sikwenda niliwaambia kwamba sikutaka.

Nyuma ya mlango wa chumba changu limetundikwa koti la jeshi, zito, rangi ya kahawia iliyochujuka, vifungo vyake vya shaba vikiwa bado imara. Wajukuu wameniuliza habari zake, nami nimeona niziandike mara moja, kwao na kwa wale waliokuwa watoto nilipokuwa mtoto. Nitaeleza niliyoyaona. Nisipoona, nitasema sikuona. Nimekaa kwenye kiti cha hakimu sehemu kubwa ya maisha yangu, na hakuna shahidi aliyenichosha kama yule anayeanza kwa kusema, "Nilisikia watu wakisema." Chuki hiyo sikuipata chuoni. Niliipata Bangwe, mtaani kwetu, katika ile miaka ambayo wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakishushwa ufukweni kwa mitumbwi, wamebeba mikeka, sufuria na watoto, nasi tukitoka majumbani kuwatazama.

Baba yangu alikuwa amepigana Burma, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari, katika vita vya Mwingereza. Mtaani hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Koplo, hata mama alipomtaja kwa majirani alimwita hivyo. Alikwenda vitani kijana, akarudi na vitu viwili: koti hilo, na kipande cha kombora ndani ya mguu wa kushoto, chini ya goti. Kidonda kilikuwa kikifunga na kufunguka. Kikifunga, baba alikuwa mwepesi, anacheka, ananifundisha kutembea kwa hatua za gwaride uani. Kikifunguka, aliketi kwenye kigoda asubuhi, akakunjua bandeji ya kitambaa cha shuka, akakiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga tena kwa mizunguko iliyolingana kama aliyekuwa akikaguliwa.

Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa Katonga. Wavuvi walipotoka ziwani alfajiri na karabai zao, wanawake na wazee wachache walipokea mzigo, wakautandaza mchangani, wakawa wanaugeuza kutwa nzima. Mtu aliyewahi kuwa askari, anayejua kusoma na kuzungumza na Wazungu, angeweza kupata kazi ya kulinda ghala au ya kukata tiketi stesheni. Mimi niliamini kwamba baba alipenda dagaa. Niliamini hata kwamba harufu aliyokuja nayo nyumbani jioni ni ya dagaa, na kwamba baba wote duniani hunuka hivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba alikuwa amechagua mahali pekee katika mji mzima ambapo harufu ya mguu wake isingesikika.

Nilikuwa na kosa jingine la kitoto, nalo nitalieleza kwa kuwa litarudi mbele. Baba alikula mgebuka mzima, kichwa na miiba, akitafuna kwa kishindo. Mimi mama alinichambulia miiba, akinionya kwamba ikiingia mwilini haitoki. Siku moja asubuhi, baba akiosha kidonda, niliona kitu cheupe, chembamba, kimechomoza katikati ya nyama. Akakishika kwa kucha, akakivuta polepole, akakitupa majanini. Kilikuwa kipande cha mfupa wake. Mimi nilijua ni mwiba. Nilihesabu moyoni samaki wote aliokula tangu nilipopata akili, nikaona jinsi miiba yao ilivyoteremka mwilini, ikajikusanya mguuni, ikawa inatoka mmoja mmoja. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiiba miiba kwenye sahani yake, nikaenda kuitupa ziwani. Alidhani nawalisha paka.

Hospitali alikwenda. Sitaki mtu aseme kwamba wazee wale walipenda ujinga wao. Alikwenda amevaa shati lililopigwa pasi, nami nikamfuata kwa kuwa alipenda nimshikie fimbo. Dresa, yaani mfungaji wa vidonda, alikuwa kijana mwenye saa ya mkononi. Alitazama mguu kwa mbali.

"Hiki ulikipata wapi?"

"Vitani. Burma."

"Ulikuwa unampigania nani?"

"Nilichukuliwa na Mwingereza."

"Basi kamdai Mwingereza dawa," akasema dresa, na watu wa benchi wakatabasamu. "Sisi hapa tuna malaria ya wananchi wa kutosha. Mama, wewe, leta mtoto."

Alimpa pamba kidogo na dawa ya zambarau. Njiani kurudi, baba hakulalamika. Alisema tu, kama anayejisomea, kwamba alipoachishwa jeshi afisa alimshika mkono na kumwambia serikali haitamsahau. "Na haikunisahau," akasema. "Ilifungasha tu ikaenda zake."

Koti hakuwa nalo tena wakati huo. Alikuwa amelitoa kwa Balozi. Kwa vijana nifafanue: balozi alikuwa kiongozi wa nyumba kumi, mtu wa chama, ambaye sukari ikija ilipitia kwake, na mgeni akilala kwako ilibidi ajue. Balozi wetu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri, mchekeshaji. Msimu mmoja wa mvua alishikwa na homa kali, akawa anatetemeka barazani kwake hata meno yanagongana. Baba alikwenda kumjulia hali, akavua koti, akamfunika. Alipopona, koti halikurudi. Balozi alilivaa mikutanoni, akalivaa harusini, akalivaa kupokea wageni kutoka mkoani.

Mama alisema, "Baba Tereza, koti lako hulidai?" Tereza ni dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameolewa Kasulu.

"Nilimfunika mgonjwa," baba akajibu. "Mtu hamfunui mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Jana alikuwa anacheza ngoma nalo!"

"Basi ngoja aache kucheza."

Ndipo wakaja wakimbizi, na pamoja nao yakaja mahema meupe kwenye kiwanja cha wazi juu ya ufuko, na ndani ya hema moja daktari wa Kizungu, na sindano, na harufu ya spiriti iliyofika hadi barabarani. Daktari yule alikuwa akitibu bila kumuuliza mtu alimpigania nani. Aliulizwa jambo moja tu kila aliyesimama katika mstari, na aliyeuliza alikuwa karani: umetoka wapi?

Wazo lilikuwa la mama. Mguu wa baba ulikuwa umevimba hadi pajani, ngozi inang'aa, na homa ilikuwa ikimpanda kila alasiri. Hakwenda tena Katonga. Mama alipika uji, akamwekea, akaketi mbele yake.

"Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu," akasema. "Mimi nikizungumza polepole, nani atajua? Tunavaa kama wao. Tumekonda kama wao. Twende tukasimame."

Baba akasukuma kikombe. "Niseme mimi ni mkimbizi?"

"Useme."

"Mama Tereza, mimi nimepigwa makombora katika nchi ya watu, msituni, mvua inanyesha, wenzangu wanaanguka kulia na kushoto, sikukimbia. Leo nikimbie Bangwe?"

"Hukimbii mahali. Utasimama tu kwenye mstari."

"Ni uongo."

"Nitausema mimi. Wewe funga mdomo, uwe bubu. Vita havikumfanya mtu yeyote bubu?"

Nilimwona baba akitaka kucheka, kisha maumivu yakamkatiza. Alitazama mguu wake muda mrefu. Hatimaye akasema kwamba atakwenda, lakini neno lile halitatoka kinywani mwake. Mama akaniinamia, akanishika masikio yote mawili. Nisiseme Kiswahili. Nikiulizwa jambo, nionyeshe kwa mkono ng'ambo ya kaskazini, nianze kulia.

Tulisimama mstarini tangu umande haujakauka. Mbele yetu walikuwa watu waliotoka mbali kweli: mzee aliyebebwa na wanawe kwenye blanketi, wasichana waliofungana kwa kamba moja ili wasipotezane, na nyuma yetu mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni. Mama huyo alitutambua mara moja. Hiyo siyo dhana yangu: alimsalimia mama yangu, mama akamjibu, na yule mwanamke akainua nyusi kwa namna ya mtu aliyesikia lafudhi ya jirani. Kisha akautazama mguu wa baba, akautazama uso wake, akageuka akaanza kumbembeleza mtoto.

Karani alipofika kwetu mama akasema tumetoka ng'ambo. Akaonyesha. Karani akapita. Tukaingia hemani.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye madoadoa mikononi, na mvi zilizonyolewa karibu na kichwa. Baba, alipomwona, alifanya jambo ambalo halikuwa katika mpango: aliiacha fimbo, akasimama wima, visigino pamoja, mikono ubavuni, kidevu juu, mguu ule mbovu ukitetemeka kama uzi. Daktari naye alisimama. Halafu yule Mzungu akapiga goti mbele ya baba yangu, kwenye vumbi, akaanza kuifungua bandeji kwa mikono yake mwenyewe.

Sijawahi kuona tena mikono iliyoshika kidonda namna ile. Aliugeuza mguu, akaubonyeza, akaunusa bila kukunja uso. Akamwambia karani aliyekuwa naye hemani jambo, karani akatafsiri: ndani kuna chuma, na mfupa unaokizunguka umekufa, lazima pafunguliwe, mfupa mbovu utolewe, pasafishwe. Hapa hemani haiwezekani. Kuna gari litakaloondoka kesho asubuhi na wagonjwa wa upasuaji. Mzee huyu atakuwa ndani yake.

Mama aliziba uso kwa kanga. Mimi nilitaka sana kumwambia daktari kwamba si mfupa, ni miiba ya migebuka, ili asihangaike kutafuta kitu kisichokuwepo. Lakini nilikuwa nimekatazwa Kiswahili, na kwa Kiha sikuona kama angenielewa. Nikaiweka siri yangu. Nilihesabu kwamba kesho wakimfungua wataiona wenyewe.

Wakati huo nje palikuwa na zogo. Karani mkuu wa kambi alikuwa ameshuku kwamba wenyeji wamejipenyeza mstarini, na alikuwa ameita mabalozi wa mitaa ya jirani wapite wakiwatoa watu wao. Niliwaona kupitia mlango wa hema. Balozi wetu alikuwa amevaa koti la baba, limefungwa vifungo vyote, na jua limekwisha kuwa kali. Katika mstari uleule alisimama shemeji yake, mdogo wa mke wake, aliyekuwa akikohoa tangu mwezi wa Ramadhani. Balozi alifika mbele yake. Akamtazama. Akapita kama aliyepita mti. Hilo nililiona, na niko tayari kuliapia.

Halafu akaingiza kichwa hemani.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu uko wazi juu ya kiti. Daktari alikuwa akijaza sindano. Macho ya baba na ya Balozi yalikutana. Nilifurahi. Nilidhani mtu aliyevaa koti la baba yangu amekuja kumlinda.

"Huyu namjua," akasema Balozi.

Karani akageuka. "Unamjua?"

"Ni Koplo. Wa kwangu, Bangwe, nyumba ya nne kutoka kisimani. Si mkimbizi huyu, ni mwanika dagaa."

Daktari akauliza kinachosemwa. Karani akamweleza kwa maneno mengi. Daktari akasema kitu kwa ukali, karani akajibu kwa upole, akaonyesha nje, kwenye mstari usiokuwa na mwisho, akataja dawa, akataja amri. Mabishano yale sikuyaelewa, wala sitajifanya niliyaelewa. Niliona tu sindano ikirudishwa kwenye sinia, na daktari akitoka hemani upande wa nyuma, akaupiga mlango wa turubai kwa ngumi.

Yule mama mwenye mtoto akaingia. Alisema, kwa Kirundi ambacho kila mmoja wetu alikielewa, kwamba yeye anampa mzee huyu nafasi yake.

"Nafasi haigawiwi kama ugali, mama," akasema karani. Kisha akamgeukia baba, na nadhani aliona haya, kwa sababu alitumia sauti ya chini. "Mzee, tusameheane. Huduma hii ni ya wakimbizi. Wewe ni mwananchi, nenda kwenye hospitali yako."

Baba, aliyekuwa bubu tangu asubuhi, akafungua mdomo. "Hospitali yangu mimi iko wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuonyeshwa njia. Balozi ndiye aliyemjibu.

"Burma!" akasema.

Watu wakacheka. Walicheka makarani, wakacheka mabalozi wenzake mlangoni, wakacheka hata wagonjwa wasiojua Burma ni kitu gani, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya mtu anayechekesha. Baba hakumtazama yeyote. Aliokota bandeji yake iliyochafuka, akaipangusa vumbi, akaufunga mguu polepole, mizunguko imelingana, ncha imechomekwa. Akasimama. Nikampa fimbo. Alipompita Balozi alinyosha mkono, nikadhani atamnyang'anya koti; akamrekebishia kola iliyokuwa imekunjika, akatoka.

Gari liliondoka asubuhi iliyofuata. Tuliliona kutoka uani kwetu likipanda kilima, limejaa. Baba alilala akalitazama hadi vumbi likatulia. Hakuwahi kuinuka tena kwa miguu yake. Mguu ulibadilika rangi, homa ikamchukua akili, akawa anatoa amri kwa watu waliokufa msituni kabla sijazaliwa. Mahindi yalikuwa hayajakomaa tulipomzika.

Kwenye matanga Balozi alisimama kuzungumza. Alikuwa na koti. Aliwaambia waombolezaji, kwa sauti ile nzuri, kwamba Koplo alikuwa shujaa. Kwamba alikwenda hemani akiomba dawa, na wakimbizi wakampigia kelele, wakamsukuma nje, wakasema dawa ni zao. "Tumewapokea," akasema, "na wametulipa hivi." Watu wakaguna. Wengine walikuwa wamekuwepo pale kiwanjani, waliona walichoona, na hao pia waliguna.

Nilimvuta mama kanga. "Mama, si wakimbizi. Ni yeye."

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka majivu. "Nyamaza."

"Lakini nilimwona."

"Na mimi nilimwona. Nyamaza. Tunaishi ndani ya nyumba zake kumi."

Habari ile ilienea haraka kuliko harufu. Ilifika Gungu, ikafika Ujiji, na kila ilipofika ilikuwa imeongezwa ngumi na mateke. Wavulana wa mtaani waliwarushia mawe watoto wa wakimbizi waliokuja kuchota maji, wakiwaambia, "Mlimwua Koplo!" Mimi, mtoto wa Koplo, niliyekuwa hemani, nilisimama nikijua ukweli, na ukweli wangu haukuwa na thamani kwa kuwa sikuwa na kimo. Hapo ndipo nilipoanza kuwa hakimu. Nilijifunza kwamba watu elfu wanaosimulia hawamzidi mmoja aliyeona, na kwamba yule mmoja, asipoulizwa, ni kama hakuona.

Kwa nini Balozi alifanya vile? Nimesikia majibu mengi. Wapo waliosema aliogopa baba akipona atalidai koti. Wapo waliosema alitakiwa kumtoa angalau mtu mmoja, akamtoa asiye na ndugu wenye nguvu. Inawezekana. Mimi sababu yake siijui, hakuniambia, na sitaiweka hapa sababu niliyookota njiani. Tendo nalijua.

Nilisoma. Nilisoma kwa hasira, na hasira ni taa inayowaka muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Nilifanya kazi katika mikoa ya mbali, nikarudi nyumbani nikiwa na mvi za kwanza, mama akiwa mzee, anaumwa shinikizo la damu. Balozi alikuwa hai. Hakuwa balozi tena, mfumo ule ulikuwa umepita, lakini jina lilimganda. Tulipokutana njiani nilimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mheshimiwa." Sikuwahi kumwamkia kwa moyo.

Siku moja nilimpeleka mama hospitali. Tulikuta madaktari wageni, waliokuja kwa muda mfupi kuwatibu askari wastaafu. Walikuwa wametengewa chumba, na nje ya chumba benchi lao, lenye kivuli. Wazee wenye ulemavu wa miguu na mikono walikuwa wameketi wakitaniana kwa vyeo. Muuguzi alikuwa msichana mchangamfu aliyewaita wote "babu". Nilitazama benchi lile. Kumbe lilikuwa linawezekana. Kumbe ni benchi tu, na kivuli, na mtu wa kukuita babu.

Ndipo mama akanigusa goti.

"Koti la baba yako," akasema.

Balozi alikuwa akija kwenye ujia, ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa matambara, na kabla hajatufikia tuliusikia. Ilikuwa harufu ile. Katikati ya hospitali, mbali na dagaa wote, ilikuwa harufu ya baba.

"Babu, karibu mbele!" akaita muuguzi, alipoliona koti. "Askari wastaafu hawakai huko nyuma. Ulipigana wapi, Uganda?"

Balozi alisita. Niliona akilitazama benchi lenye kivuli. "Vita vya zamani," akasema.

"Vya zamani zaidi! Haya, mpisheni mzee, mpisheni. Hawa ndio waliotoka mbali."

Wale wazee wakasogea, mmoja akampigia saluti. Balozi akaketi. Mjukuu wake akaanza kukunjua matambara, na katikati ya nyama ya mguu nikakiona kitu cheupe, chembamba, kimechomoza. Umri wangu wote ukanitoka. Nilijua ni mwiba.

Nilimgeukia mama. Alikuwa ananitazama, na kiganja chake, kile kilichoniziba mdomo, kilikuwa kimetulia juu ya mapaja.

"Sema," akasema.

Nikasimama. "Dada muuguzi, huyu namjua."

Wazee wa benchi wakanigeukia.

"Ni Balozi wa Bangwe. Si askari huyu. Hajawahi kushika bunduki."

Balozi aliinua uso. Alinitazama mimi, akamtazama mama, na nikaona akitutambua si kama mheshimiwa na mama yake, bali kama mwanamke na mtoto waliosimama ndani ya hema. Hakukana.

"Baba, babu anaumwa," akasema mjukuu, machozi yanamlenga. "Muoneeni huruma."

"Binti, dirisha la wazee liko pale mkono wa kulia," nikamwambia. "Ni haki yake, atatibiwa, na akikataliwa niite mimi, nitamsemea. Sitamwondoa kwenye hospitali. Nimemwondoa kwenye benchi hili."

Sikupunguza neno na sikuongeza. Shahidi hasemi nusu. Kisha nikanyosha mkono.

"Na koti."

Alilivua mwenyewe. Vidole vilimsumbua kwenye vifungo, mjukuu akataka kumsaidia, akamzuia. Ndani alikuwa na fulana iliyotoboka na mabega membamba kama ya mtoto. Watu wameniuliza kama hapo moyo wangu haukulegea. Haukulegea. Nililipokea koti, nikalikunja, nikamwekea mama mapajani; akaliinamia, akalinusa kola.

Muuguzi alikuwa amechanganyikiwa, akitafuta namna ya kurudisha uchangamfu wake. "Sasa, baba," akaniambia, "huyo mwenye koti mwenyewe yuko wapi? Mwambieni aje, kliniki hii ni yake. Au anatibiwa hospitali gani?"

Nilimtazama Balozi. Nilimpa muda wa kujibu, kama nilivyozoea kumpa mtu aliyesimama kizimbani, kwa kuwa jibu lilikuwa lake, alilitoa mwenyewe, na hakuna mwingine aliyestahili kulirudia. Midomo yake ilicheza.

"Burma," nikasema.

Wale wazee wakaangua kicheko, na muuguzi akacheka, na watu wa dirisha la pili wakacheka kwa kuwaona wenzao wanacheka. Mama hakucheka. Balozi naye, mguu wake ukiwa wazi juu ya sakafu, hakucheka.